Historia na Fikra za Wamormoni katika Maandishi ya Wasomi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini kanisa ambalo halijatimiza miaka 200 limeandikiwa vitabu vingi kiasi hiki?

Kwa sababu lilizaliwa katika zama za maandishi, na kwa sababu imani yake yenyewe inasimama juu ya matukio yenye tarehe. Mwanzilishi wake, Joseph Smith, alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1805 na kukulia katika jimbo la New York, mahali palipokuwa na magazeti, mahakama, posta na daftari za kodi. Kitabu cha Mormoni, andiko juu ya watu wa Amerika ya kale ambalo Joseph alisema amelitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu, kilichapwa mjini Palmyra, kwenye duka la uchapaji la E. B. Grandin, nakala 5,000, kikaanza kuuzwa Machi 1830. Kanisa likaundwa tarehe 6 Aprili mwaka huohuo. Siku hiyo ya kuundwa, ufunuo ambao sasa ni sehemu ya 21 ya Mafundisho na Maagano, mkusanyiko wa mafunuo ya Kanisa, uliagiza kwamba kumbukumbu iwekwe, na mwaka uliofuata John Whitmer akapewa kazi ya kuandika historia. Tangu hapo waumini wa kawaida, wanawake kwa wanaume, wameandika shajara kwa bidii ambayo ni nadra kuiona katika makundi mengine ya dini ya wakati huo.

Kanisa linalosema kwamba malaika alimtokea kijana fulani, katika nyumba fulani, mwaka fulani, limejiweka mbele ya wanahistoria, litake lisitake. Ndiyo maana mivutano mikubwa ndani yake imehusu makasha ya nyaraka: nani anayo, nani aruhusiwe kuyafungua, na yaliyomo yasomwe vipi.

Neno «Wamormoni» linawahusu akina nani hapa?

Kanisa lenye makao makuu Salt Lake City linaitwa rasmi Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na mwaka 2018 rais wake, Russell M. Nelson, aliwahimiza watu waache lile jina la utani. Wasomi wengi wanaendelea kulitumia kwa sababu linakusanya jamaa nzima ya makanisa yaliyotokana na Joseph Smith, likiwemo lile lililojiunda upya mwaka 1860 chini ya mwanawe, Joseph Smith III, ambalo tangu 2001 linajulikana kama Community of Christ. Katika ukurasa huu, «Kanisa» peke yake ni lile la Salt Lake City.

Makanisa haya mawili ndugu yamegawana urithi wa karatasi kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2017 Kanisa lilinunua kutoka kwa Community of Christ hati ya mkono iliyotumiwa na mchapaji wa Kitabu cha Mormoni kwa dola milioni 35, na mwaka 2024 likanunua hekalu la Kirtland, Ohio, pamoja na nyaraka na majengo mengine, kwa dola milioni 192.5.

Historia rasmi ya mwanzo iliandikwaje, na je, inaaminika?

Joseph Smith alianza kuamuru historia yake iandikwe mwaka 1838, lakini aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, kazi ikiwa haijafika mbali. Makarani wake waliiendeleza hadi mwaka 1856. Walichukua shajara za watu wengine, taarifa za mikutano na makala za magazeti, wakabadilisha «yeye» kuwa «mimi», na kuzifanya zisomeke kana kwamba Joseph mwenyewe ndiye anayesimulia. Baadaye B. H. Roberts aliihariri kazi hiyo ikatoka katika mabuku 7.

Kwa desturi ya wakati wao makarani hawakuwa wakifanya udanganyifu. Wengi waliandika hivyo. Lakini mtu anayenukuu mabuku hayo akisema «Joseph Smith alisema» huenda ananukuu kalamu ya William Clayton au Willard Richards. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mwanahistoria wa Umormoni huwa moja: tukio lilitokea lini, na maandishi yanayolisimulia yaliandikwa lini, na nani?

Juanita Brooks alikuwa nani, na kwa nini jina lake hutajwa kwa heshima namna hii?

Alizaliwa mwaka 1898 Bunkerville, Nevada, akawa mwalimu wa shule, mama wa familia kubwa, na kiongozi wa akina mama katika kigingi chake, yaani jimbo la Kanisa lenye matawi kadhaa, huko St. George, Utah. Alipokuwa mwalimu kijana, mzee mmoja aliyeitwa Nephi Johnson alimwomba amwandikie jambo alilotaka kulisema kabla hajafa. Mwalimu aliahirisha, na alipokwenda kumwona mwaka 1919 mzee alikuwa mahututi, akiweweseka na kulitaja neno «damu» tena na tena. Baadaye Brooks alielewa kwamba mzee yule alikuwapo Mountain Meadows.

Huko, kusini mwa Utah, tarehe 11 Septemba 1857, wanamgambo wa Kimormoni wakiwa pamoja na baadhi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Paiute waliwaua wasafiri wapatao 120 kutoka Arkansas waliokuwa wakielekea California. Wasafiri walikuwa wamezingirwa siku kadhaa. Wakaendewa chini ya bendera nyeupe, wakaahidiwa usalama iwapo wangesalimisha silaha, kisha wakauawa wakiwa njiani. Walioachwa hai ni watoto wadogo 17. Kwa miongo mingi simulizi za Wamormoni zilitupa lawama kwa Wapaiute na kwa John D. Lee, mtu pekee aliyehukumiwa, ambaye alipigwa risasi palepale bondeni mwaka 1877.

Kitabu cha Brooks kilitoka mwaka 1950 kwa Chuo Kikuu cha Stanford. Kilionyesha kwamba viongozi wa Kanisa na wa wanamgambo wa eneo lile ndio waliopanga mauaji, na kwamba Lee alitolewa kafara ili wengine wasalimike. Kilieleza pia hofu ya mwaka ule: jeshi la Marekani lilikuwa njiani kuelekea Utah, na mahubiri yalikuwa yamewasha hasira. Babu yake mwenyewe, Dudley Leavitt, alikuwa miongoni mwa watu wa eneo hilo waliohusishwa na mkasa. Viongozi wa Salt Lake City walimnyima ruhusa ya kuona viapo vya mashahidi vilivyokuwa mikononi mwao, naye akasema hivyo waziwazi kitabuni. Hakutengwa na Kanisa, ingawa majirani wengi walimtenga kwa namna yao. Mwaka 2008 wanahistoria watatu Wamormoni, Ronald Walker, Richard Turley na Glen Leonard, walitoa kitabu kipya juu ya mauaji hayo wakiwa wamefunguliwa hifadhi zote, na viapo vile alivyonyimwa mwalimu wa St. George vikachapishwa.

Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, asomaye kitabu kimoja tu katika uwanja huu mzima na asome cha Brooks.

Na Fawn Brodie?

Brodie alikuwa mpwa wa David O. McKay, aliyekuja kuwa rais wa Kanisa. Wasifu wake wa Joseph Smith, uliotoka mwaka 1945, ulimchora nabii kama mtu mwenye kipaji kikubwa aliyeanza kwa kubuni na akaishia kuamini alichobuni. Mwaka 1946 alitengwa na Kanisa. Wasomi wa baadaye wamemlaumu kwa kusoma mawazo ya moyoni mwa mtu aliyekufa miaka 100 kabla yake, lakini kila aliyeandika wasifu wa Joseph Smith baada ya hapo ameandika akimjibu yeye. Jibu lenye uzito zaidi lilitoka mwaka 2005 kwa Richard Bushman, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia na muumini, ambaye hakuficha jinsi Joseph alivyotafuta hazina kwa mawe yaliyoaminiwa kuonyesha vilivyofichika, wala ndoa zake za wake wengi.

«Historia Mpya ya Wamormoni» ni nini?

Ni jina la mkondo ulioshika nguvu katika miaka ya 1960 na 1970, wa watu waliosomea historia vyuoni na kutaka kuandika bila kuhubiri na bila kushambulia. Nguzo yake ni Leonard Arrington, mtoto wa mkulima wa Idaho aliyesomea uchumi, ambaye kitabu chake cha 1958 kilieleza jinsi walowezi wa Utah walivyojenga mifereji, viwanda na maduka ya ushirika katika nchi kame. Chama cha wanahistoria wa Umormoni kiliundwa mwaka 1965 naye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka uliofuata vijana wa Stanford wakaanzisha jarida la *Dialogue*, na mwaka 1974 likaanzishwa *Sunstone*.

Mwaka 1972 Arrington aliteuliwa kuwa Mwanahistoria wa Kanisa, wa kwanza mwenye taaluma hiyo, na kwa miaka michache hifadhi zilikuwa wazi kuliko wakati wowote kabla. Kisha baadhi ya mitume, yaani viongozi wa ngazi ya juu wa Kanisa, wakaanza kunung'unika. Kitabu cha James Allen na Glen Leonard cha mwaka 1976, kilichoandikwa na ofisi yenyewe, kiliuzwa haraka lakini hakikuchapwa tena kwa miaka mingi. Mwaka 1981 mtume Boyd K. Packer aliwahutubia walimu wa dini akionya kwamba si kila jambo la kweli lina manufaa kulisema. Mwaka 1982 Arrington aliondolewa katika wadhifa wake kimyakimya na kitengo chake kikahamishiwa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Hoja ya Packer si ya kipuuzi, kwa kuwa kila familia ina yale isiyomwambia mtoto mdogo. Udhaifu wake ni kwamba waumini walikua, na wakayasoma yale mambo kwa watu wengine.

Kisa cha Mark Hofmann kilikuwa nini?

Hofmann alikuwa mfanyabiashara wa nyaraka za kale mjini Salt Lake City ambaye, kuanzia mwaka 1980, «aligundua» hati za ajabu moja baada ya nyingine. Maarufu kuliko zote ni barua iliyodaiwa kuandikwa mwaka 1830 na Martin Harris, aliyegharimia uchapaji wa Kitabu cha Mormoni, ikisema kwamba pale Joseph alipochimbua mabamba ya dhahabu alikutana na mjusi mweupe aina ya salamanda aliyegeuka kuwa roho. Kanisa lilipokea hati zake kadhaa, na wataalamu wengi, waumini na wasioamini, waliziona kuwa halisi.

Zote zilikuwa za kughushi. Alitumia karatasi tupu zilizotolewa katika vitabu vya zamani na wino aliouchanganya mwenyewe kwa kanuni za karne ya 19. Madeni na ahadi zilipomzidi, tarehe 15 Oktoba 1985 alitega mabomu yaliyowaua Steven Christensen na Kathleen Sheets. Bomu la tatu lilimlipukia yeye mwenyewe kesho yake. Wachunguzi waliweka hati zake chini ya hadubini wakaona wino umepasukapasuka kama ngozi ya mamba, jambo ambalo hawakulikuta kwenye hati halisi za kipindi hicho. Alikiri makosa mwaka 1987 na kufungwa maisha.

Tangu hapo hakuna mwanahistoria makini wa fani hii anayekubali hati bila kuuliza imetoka mikononi mwa nani, na kabla yake ilikuwa kwa nani.

Je, ni kweli kwamba Joseph Smith alilisimulia Ono la Kwanza kwa namna tofauti?

Ndiyo. Ono hilo ni lile ambalo Joseph alisema alitokewa na Mungu akiwa kijana, na Kanisa lenyewe limeyachapisha masimulizi yake. Yako manne yaliyotoka kwake moja kwa moja: la 1832, la 1835, la 1838 na la 1842. Lile la 1838 ndilo limo katika Lulu ya Thamani Kuu, kimojawapo cha vitabu vitakatifu vya Kanisa, na ndilo linalofundishwa.

Simulizi la 1832 ni la pekee kwa sababu sehemu yake imeandikwa kwa mkono wa Joseph mwenyewe, kwa tahajia mbovu na sentensi zisizokoma. Humo kijana anahangaikia dhambi zake, anamwona Bwana, na anaambiwa kwamba amesamehewa. La mwaka 1835, alilomsimulia mgeni, linataja viumbe wawili na malaika wengi. La 1838 linaweka mbele swali la kanisa gani ni la kweli, na wanatokea wawili, mmoja akimtambulisha mwenzake kuwa Mwana. Mkosoaji husema hadithi ilikua kadiri cheo cha msimulizi kilivyokua. Muumini husema mtu hulisimulia jambo kubwa kwa namna tofauti kulingana na msikilizaji. Mwanahistoria hawezi kuamua kama mbingu zilifunguka; anachoweza kuonyesha ni kwamba mwaka 1832 Joseph alisisitiza msamaha na mwaka 1838, akitoka katika mifarakano na mashtaka, alisisitiza mamlaka.

Kuna jambo dogo linaloeleza mengi: karatasi tatu zenye simulizi la 1832 zilikatwa kutoka katika daftari lake wakati fulani ndani ya karne ya 20, na umma ukalijua simulizi hilo mwaka 1965 tu. Baadaye karatasi hizo zilirudishwa mahali pake.

Katazo la ukuhani kwa watu weusi lilitoka wapi?

Katazo hilo liliwanyima watu weusi ukuhani na ibada za hekaluni. Swali hili linatuhusu moja kwa moja, kwani katazo ndilo lililolifanya Kanisa lisihubiri kwa Waafrika weusi kwa zaidi ya karne moja. Misheni yenye makao Nairobi ilianzishwa mwaka 1991.

Waumini wengi walifundishwa kwamba katazo lilianza na Joseph Smith. Mwaka 1973 Lester Bush, daktari kwa taaluma, alichapisha katika *Dialogue* makala ndefu iliyopekua kumbukumbu zote alizozipata, akaonyesha kwamba hakuna ushahidi wa hilo. Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa mwaka 1836 Joseph akiwa hai. Tangazo la wazi la katazo lilitolewa na Brigham Young, aliyemrithi Joseph katika uongozi, mwaka 1852 mbele ya bunge la Utah, bunge lilelile lililopitisha sheria ya kuruhusu utumwa katika eneo hilo. Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyeishi nyumbani kwa Joseph Smith huko Nauvoo, Illinois, aliomba miaka mingi aruhusiwe kupokea ibada za hekaluni. Mwaka 1894 alichopewa ni kuunganishwa na familia ya Joseph kama mtumishi, akafa mwaka 1908 bila kupata alichokiomba.

Juni 1978 rais Spencer W. Kimball alitangaza ufunuo ulioliondoa katazo. Hekalu la São Paulo lilikuwa karibu kufunguliwa, katika nchi ambayo damu za watu zimechanganyika kiasi kwamba kuulizana nasaba kusingewezekana. Makala ya Bush haikuleta ufunuo, na si sahihi kuiandika hivyo. Ila iliondoa dhana kwamba lililokuwapo lilikuwapo tangu mwanzo. Desemba 2013 Kanisa lilichapisha insha inayokana nadharia za zamani, ikiwemo ile ya kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Insha hiyo inasomeka kwa sehemu kubwa kama muhtasari wa kazi ya Bush na waliomfuata.

Ndoa za wake wengi zimeandikwaje?

Kwa muda mrefu kwa aibu au kwa udaku. Ufunuo wa kuziruhusu uliandikwa Julai 1843, ukatangazwa hadharani mwaka 1852, na rais wa Kanisa Wilford Woodruff akatoa Manifesto ya kusitisha mwaka 1890. Mwanahistoria D. Michael Quinn alichapisha mwaka 1985 utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya viongozi waliendelea kuidhinisha ndoa hizo kwa siri hadi karibu na tangazo la pili la 1904. Laurel Thatcher Ulrich wa Harvard, katika kitabu cha 2017, alisoma shajara za wanawake wenyewe na kuwakuta wakidai haki ya kupiga kura, waliyoipata Utah mwaka 1870, huku wakiitetea ndoa hiyo. Picha hiyo ina utata, na inafaa ibaki na utata.

Je, kuna ushahidi wa kale wa Kitabu cha Mormoni na Kitabu cha Ibrahimu?

Wanaakiolojia walio nje ya Kanisa hawakubali kwamba Kitabu cha Mormoni ni historia ya Amerika ya kale. Wasomi waumini wamejibu kwa kuchunguza muundo wa maandiko, na kwa kupunguza eneo la matukio. Mwaka 2006 hata utangulizi wa kitabu ulibadilishwa, Walamani, mojawapo ya makundi yanayosimuliwa humo, wakawa «miongoni mwa» mababu wa wenyeji wa Amerika badala ya kuwa mababu wakuu. Kuhusu Kitabu cha Ibrahimu, ambacho Joseph alisema amekitafsiri kutoka mafunjo ya Misri, vipande vya mafunjo aliyoyanunua Joseph mwaka 1835 vilipatikana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kukabidhiwa Kanisa mwaka 1967. Wataalamu wa Misri ya kale waliona kuwa ni maandishi ya mazishi ya Kimisri, yasiyomtaja Ibrahimu. Insha ya Kanisa ya mwaka 2014 inakubali jambo hilo na kutoa maelezo mengine ya namna ya kuuelewa utafsiri.

Kanisa lisilo na makasisi wa kusomea lina wanateolojia?

Linao wanafikra, si wanateolojia wa vyeo. Fundisho la kwamba Mungu ana mwili na kwamba mwanadamu anaweza kukua kufikia hali yake lilitolewa na Joseph Smith katika hotuba ya mazishi mwezi Aprili 1844, na watu wanne waliiandika kwa muhtasari tofauti. Brigham Young na mtume Orson Pratt walibishana miaka mingi kama Mungu bado anaongezeka katika maarifa. Pratt alishindwa kwa cheo, ingawa waumini wengi wa leo wanafikiri kama yeye. Mwanafalsafa Sterling McMurrin alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1965: Mungu wa Wamormoni yumo ndani ya wakati, na maada ni ya milele kama yeye.

Je, mtafiti muumini yuko salama leo?

Septemba 1993 watu sita, Quinn akiwa mmojawao, waliadhibiwa na Kanisa, watano kati yao wakitengwa kabisa, wengi wao kwa sababu ya maandishi yao. Hali imebadilika tangu hapo, hasa kwa upande wa nyaraka: mradi wa karatasi za Joseph Smith ulitoa mabuku 27 kati ya 2008 na 2023, ikiwemo kumbukumbu za Baraza la Hamsini, baraza la siri aliloliunda Joseph, zilizofichwa tangu Nauvoo. Kuchapisha hati kumekuwa salama. Kutoa kutoka katika hati hizo hitimisho linalowapinga viongozi walio hai bado ni jambo la kupima.

Msomaji wa Kiswahili aanzie wapi?

Kitabu cha Mormoni kimekuwapo kwa Kiswahili tangu mwaka 2000, na Mafundisho na Maagano pia yapo. Yasome kwanza, kwa sababu wasomi wanachukulia kwamba umeshayasoma. Utafiti wenyewe karibu wote uko kwa Kiingereza. Karatasi za Joseph Smith ziko wazi bila malipo kwenye intaneti, picha ya hati upande mmoja na nakala iliyochapwa upande wa pili, hivyo unaweza kulifungua lile simulizi la 1832 na kuona mahali ambapo mwandiko wa karani unakoma na wa Joseph unaanza.